Feni Zilizosikilizwa

Duka la Abdurahim lilikuwa chini kabisa ya jengo la maduka huko Eastleigh, baada ya wauza mapazia na kabla ya choo, na halikuwa na kitu chochote ambacho mpita njia angekitamani. Liliuza vitu vya kupoza kompyuta, basi. Feni kubwa na ndogo, vyuma vyenye mapezi vya kunyonya joto, mirija ya maji, na ile dawa ya kijivu inayofanana na dawa ya meno, ambayo mafundi huipaka juu ya prosesa. Wanawake waliofuata madera walichungulia na kuuliza kama feni zile zinafaa chumbani. Mishi, mke wa Abdurahim, aliyeshika kaunta, aliwajibu kwa upole kwamba zinafaa sana, kama anayelala humo ni panya.

Lakini waliolihitaji duka walilijua. Mafundi, vijana wa vibanda vya gemu, wenye saiba za intaneti na watu wa studio walitoka Donholm, Umoja, hata Thika, kwa sababu moja tu: Abdurahim hakuuza feni asiyoisikiliza. Katoni ikifika, aliketi kwenye kiti chake cha plastiki, akaichomeka feni kwenye umeme, akaisogeza sikioni na kufumba macho. Beringi mbovu, alisema, ina mkwaruzo mdogo sana, kama ukucha unaopita juu ya kitambaa, na ukiuachia mkwaruzo huo, siku moja feni itakwama. Iliyokwaruza aliitupa kapuni. Iliyonyamaza aliitia nukta mgongoni kwa rangi nyekundu ya kucha. Chupa ya kwanza alimwibia Mishi walipokuwa maharusi wapya, na tangu hapo Mishi mwenyewe ndiye aliyemnunulia. Feni zenye nukta ziliitwa "zilizosikilizwa", na mtu akishaiona nukta hakubishana bei.

Sasa duka lilikuwa linafungwa, na sababu alizozitoa Abdurahim zilikuwa nzuri. Vijana wananunua laptopu. Wengine wanaagiza mtandaoni wakiwa kitandani. Kodi ya jengo imepanda mpaka mtu anaona aibu kuitaja mbele ya wageni. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililoliua duka. Kilicholiua Mishi alikijua, na alikuwa amejiapiza kwenda nacho kaburini. Abdurahim alikuwa amezeeka masikio.

Hakuamka siku moja akawa hivyo. Alianza kwa kutoisikia simu, akasema simu za siku hizi ni mbovu. Kisha wateja. "Watoto hawa wanaongea ndani ya mdomo," alilalamika, na Mishi akajifunza kurudia maneno ya mteja kana kwamba anajisemea mwenyewe, "Anataka ya inchi tano, Baba Afnan," mpaka ikawa desturi ya kaunta ile na hakuna aliyeishangaa. Nyumbani kwao Majengo, alfajiri, alimgusa mguu adhana ikiwa katikati, naye aliinuka akisema, "Nimesikia, nimesikia." Ni kazi ya kuchosha kumsikilizia mtu dunia nzima, lakini Mishi hakuona kama ni kazi. Aliona ni kama kumfungia mume kifungo kilicholegea kabla hajatoka mbele za watu.

Kisha zikaja feni. Siku alipomwona akiitia nukta feni iliyokuwa ikikwaruza mpaka meno yakamfa ganzi, Mishi aliacha kaunta. Alifungua mdomo amwambie. Akamtazama ameketi pale, macho kayafumba, uso umetulia kama wa mtu aliye katika swala, na akaufunga mdomo wake. Kuanzia siku hiyo, Abdurahim akienda msikitini adhuhuri, Mishi alizichomeka feni zote upya, moja moja. Mbovu alizifuta nukta kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha, akazisukuma chini kabisa ya kapu. Mambo yalikwenda hivyo, na pengine yangekwenda hivyo mpaka leo, kama dada yake asingeugua Mombasa.

Kabla ya kwenda kumuuguza alijiambia kwamba lazima amwambie mumewe. Akapanga kumwambia baada ya chakula. Akapanga tena kumwambia wakiwa njiani kwenda kituoni. Akapanda basi hajamwambia. Huko Mombasa, katikati ya kuosha mgonjwa na kupika uji, feni zilimjia kichwani, akazifukuza. Dada alifariki. Mishi alikaa matanga mpaka yakaisha, na muda wote huo katoni ziliendelea kufika Eastleigh, na Abdurahim aliendelea kufumba macho.

Aliporudi, haikupita wiki kabla Nahashon hajaingia dukani.

Nahashon alikuwa mteja wa siku nyingi, mtu wa Donholm aliyepiga video za harusi na mazishi na kuzikatakata nyumbani kwake. Siku hiyo hakusalimia. Aliweka juu ya kaunta feni ya inchi tano, yenye nukta nyekundu, na waya wake umeungua mpaka ukawa mweusi.

"Mzee, hii fan yako imenimaliza," alisema. Alisema kwa sauti ya chini, na afadhali angepiga kelele. "Ndiyo ilikuwa inapoza diski zangu. Ikaanza kulia lia, nikasema zii, hapana, hii ni ya mzee, hii imesikilizwa, haiwezi kuharibika. Nikatoka nikaacha mashine ikipiga kazi. Ikakwama. Diski zote zimepikwa. Kazi ya watu nitajua vile nitafanya. Lakini mamangu alikuwa kwa hizo diski."

Mishi alimjua mama huyo kwa jina, Ndunge, kwa kuwa Nahashon alipokuja kununua alipenda kumtaja. Alikuwa amefariki mwaka uliopita. Katika miezi yake ya mwisho mwanawe alimrekodi jikoni kwake, akitaja nani ni mtoto wa nani katika ukoo wao, akiimba, akimgombeza kwa kukonda. Nakala nyingine hakuwa nayo. Alikuwa akingoja apate nguvu ya kuitazama ndipo ainakili.

"Anasemaje?" Abdurahim aliuliza, kichwa kakiinamisha kumwelekea mkewe.

Mishi akachagua maneno machache. "Anasema feni imeharibika."

Basi Abdurahim alifanya lile ambalo muuzaji yeyote mwenye jina lake angefanya. Alicheka. "Feni niliyoisikiliza mimi hailii, bwana. Hilo ni vumbi lako. Mnafuga mende ndani ya kompyuta halafu mnakuja kumlaumu muuzaji! Nenda kasafishe nyumba."

Nahashon alimtazama mzee kwa muda. Kisha akamtazama Mishi, na Mishi akajitia kupanga vifurushi vya skrubu. Yule kijana akatoka, feni akaiacha palepale.

Alichokifanya baadaye hakuna wa kumlaumu. Aliwasimulia mafundi wote aliowajua, nao wakawasimulia wenzao, kwamba mzee wa feni amemletea hasara hadi ya mama yake na bado akamcheka. Ndani ya miezi michache vibanda vya gemu vikaacha kuja, saiba zikaacha, na watu wa studio wakawa wanapita mbele ya duka wakitazama simu zao. Abdurahim aliwatazama wakipita na kuzilaumu laptopu. Ile feni iliyoungua Mishi aliitia ndani ya boksi tupu na kulisukuma chini ya kaunta. Alikusudia kuitupa. Kila alipoishika alihisi kama anatupa mtu, akairudisha.

Ndivyo walivyofika kwenye wiki ya mwisho, rafu zimebaki nusu, na Khalif, muuzaji wa jumla wa ghorofa ya juu, akashuka na neno la heri. Alikuwa akipeleka mizigo Garissa na mbele yake, na huko habari za Nahashon zilikuwa hazijafika.

"Mzee Abdurahim, mimi nachukua feni zako zote," alisema. "Lakini ziwe na nukta. Watu wetu kule feni bila nukta yako hawagusi, wallahi. Wewe sikiliza zote, mimi nabeba."

Ungemwona Abdurahim! Alinyooka mgongo kama aliyevishwa kanzu mpya. Miezi yote ile ya kukaa bila mteja ilimtoka usoni. "Umeona, Mama Afnan?" alimwambia mkewe njiani kurudi nyumbani. "Nitafunga duka, lakini nitafunga nikiwa mimi." Mishi akasema amemshukuru Mungu. Moyoni alikuwa tayari anapiga hesabu nyingine: mumewe asikilize, atie nukta, aende msikitini, na yeye abaki nyuma na ile chupa ya dawa, afute zile mbovu kwa mara ya mwisho. Baada ya hapo hakutakuwa na feni tena duniani za kumwumbua. Atazeeka na jina lake.

Lakini Khalif ni mtu wa adabu, na adabu yake ndiyo iliyovuruga mambo. Hakumtuma mfanyakazi. Alikuja mwenyewe asubuhi na chupa ya chai ya viungo, akavuta stuli, akaketi kati ya mke na mume, akasema mzee kama huyu hawezi kufanya kazi ya mwisho bila mtu wa kukaa naye. Mishi alijaribu kumtoa. Alimwambia ghorofani wanamngoja. Khalif alisema wangoje.

Abdurahim akaanza. Alichomeka, akafumba macho, akasikiliza, akatia nukta. Feni za kwanza zilikuwa nzima, na Mishi akapumua. Iliyofuata ikakwaruza. Mishi aliisikia, na aliona nyusi za Khalif zikipanda kidogo na kushuka, kama mtu aliyejiambia kwamba mwenye kazi ndiye anayejua. Nukta ikatiwa. Ikaja nyingine mbovu, nayo ikatiwa. Khalif akajikuna kidevu. Mishi akaanza kuzungumza, yeye ambaye si msemaji, akauliza habari za watoto wa Khalif, habari za mvua Garissa, habari za bei ya mbuzi, chochote cha kujaza hewa. Mikono nayo ilitaka kazi, na bila kutazama alikuwa akivuta maboksi kutoka chini ya kaunta na kumpitishia mumewe.

Alipoligundua lile boksi, Abdurahim alikuwa ameshalifungua akiwa anamcheka Khalif kwa jambo fulani, na ameshachomeka.

Feni ya Nahashon ilisitasita, ikazunguka, na haikukwaruza. Ilisaga. Ilitoa sauti ya mawe ndani ya sufuria, hata mwuza mapazia wa jirani alichungulia kutazama kuna nini. Mishi alishika ukingo wa kaunta. Abdurahim aliisogeza sikioni, akafumba macho, na uso wake ukatulia vilevile.

"Safi," alisema. "Hii itaishi kuliko sisi."

Khalif aliangua kicheko. "Mzee! Leo unanichezea!"

Abdurahim alifumbua macho akitabasamu, kwa vile mtu akicheka nawe hucheka, na mkono wake ukaigeuza feni ili aitie nukta. Nukta ilikuwapo. Aliitazama. Kidole chake kikaufuata waya mweusi mpaka mwisho, na tabasamu likabaki usoni limesahauliwa.

"Hii ni ya yule kijana wa Donholm," alisema.

Khalif akaacha kucheka.

"Inalia?" Alimwuliza Khalif. Khalif alimgeukia Mishi, na Abdurahim akasema, "Usimtazame yeye. Nakuuliza wewe. Inalia?"

"Inalia, mzee," alisema Khalif, macho chini.

"Na hizi?" Aliiweka ile, akaichomeka moja ya zile alizotia nukta muda mfupi uliopita, kisha nyingine, kisha nyingine. Kila mara alimtazama Khalif usoni, na kila mara Khalif alijibu kwa neno moja, hapana au ndiyo, kama mtu anayetoa ushahidi dhidi ya baba yake. Zile za ndiyo Abdurahim alizitenga upande. Zilipokuwa rundo, akamwambia, "Khalif, nukta zangu si kitu. Usizipeleke kwa watu. Zichukue kwa bei ya vyuma chakavu, au usizichukue." Khalif alitaka kusema neno la faraja, akalikosa, akaacha chai yake na kupanda juu.

Walipobaki wawili, Mishi alingoja ghadhabu. Afadhali ingekuja. Abdurahim alinyoosha mkono tu, akaomba ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, na alipoipokea akaona imebaki tone tu chini ya chupa.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Miaka, Baba Afnan."

"Na wewe ulikuwa unasikia."

"Nilikuwa nasikia."

"Ukaniacha nikae hapa, nimefumba macho mbele za watu." Alilowesha kitambaa na kuanza kufuta nukta ya kwanza. "Yule kijana alisema nini siku ile? Sema yote."

Mishi akasema. Alilazimika kuyasema kwa sauti kubwa, habari za jikoni kwa Ndunge, ukoo, nyimbo, nakala moja, na mwuza mapazia akasikia kila neno. Abdurahim aliendelea kufuta. Mishi alipofika pale mumewe alipomwambia Nahashon akasafishe nyumba, mkono wa mzee ulisimama, na machozi yakamtoka, na hakuyapangusa kwa kuwa vidole vyake vilikuwa na dawa. Mishi alilia pia. Alilia kwa sababu alikuwa amemlinda mtu huyu na kila aibu ndogo, halafu akamkabidhi hii.

Walifunga duka siku hiyo, kabla ya wiki kwisha. Hapakuwa na cha kungojea.

Kesho yake Abdurahim alivaa kanzu na koti na kusema wanakwenda Donholm. Nahashon aliishi ghorofa ya tatu. Alifungua mlango, akawaona, na hakuwakaribisha ndani. Walisimama kwenye ukumbi wa nje, kati ya nguo zilizoanikwa, na jirani aliyekuwa akiosha vyombo akapunguza mwendo wa mikono yake.

"Mwanangu," alisema Abdurahim, "nilikuuzia feni mbovu. Mimi sisikii, na nilikuwa sijui kwamba sisikii. Ulipokuja kuniambia habari ya mama yako, nilikucheka. Nimekuja kukuomba radhi." Alisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kama wasemavyo wasiosikia, na maneno yakateremka ngazi hadi chini.

Nahashon alisema polepole, akimtazama Mishi, kwa kuwa yeye ndiye aliyesikia mara ya kwanza pia. "Mwambie nimesikia. Lakini kusamehe, hapana, siwezi kudanganya. Nimeanza kusahau vile mamangu alikuwa anacheka. Nikijaribu kukumbuka, ile inanijia ni kicheko chake yeye huyu. Mwambie asirudi hapa." Akafunga mlango, bila kuubamiza.

Abdurahim aligeuka. "Anasemaje?"

Mishi alilitazama lile koti alilolipiga pasi asubuhi, zile nyusi nyeupe zilizopanda kwa kungoja, na ulimi wake ukafanya kazi uliyoizoea. "Anasema yamekwisha, Baba Afnan. Amekusamehe."

Mzee aliutazama mlango uliofungwa. Akamtazama jirani, ambaye haraka aliinamia sufuria yake. Kisha akamgeukia mkewe, na safari hii hakuwa anauliza kama mtu asiyejua.

"Mishi," alisema. Hakuwa amemwita kwa jina tangu mtoto wao Afnan azaliwe. "Alisema nini?"

Mishi alisogea karibu, akaweka mdomo sikioni pake, na kumwambia. Alimwambia yote kama yalivyosemwa, kicheko na yote, bila kuruka neno, na ilimbidi arudie sehemu mbili kwa sauti ya juu zaidi huku jirani akisikia. Abdurahim alikuwa amefumba macho, uso umetulia, kichwa kimeinama upande mmoja, kama alivyokaa maisha yake yote na feni mkononi.

Mishi alipomaliza, mzee akafumbua macho.

"Hiyo nimeisikia," alisema, na akaushika ukuta kuanza kushuka ngazi.